Ringi za harusi kwenye mawe ya Bugeshi

KUNA mjadala uliokigawa chama chetu kwa miezi miwili, nami nimeona niulete hapa gazetini kwa sababu najua hauko kwetu peke yetu. Ni mjadala wa ringi. Naam, ringi za gari, zile ambazo wenzetu wa Goma na wengi wa hapa Gisenyi wanaziita jante. Anayedhani hilo ni jambo dogo lisilostahili kalamu ya mwalimu, basi hajawahi kusimama gizani katika barabara ya Bugeshi, mvua inanyesha, vitunguu vya watu vimo ndani ya gari na gurudumu la mbele limekaa chini.

Nieleze kwanza sisi ni nani. Tuko wanane: walimu watatu, akina mama wanne wanaofanya biashara ya mpakani na bwana mmoja aliyerudi kutoka Ubelgiji na akiba yake. Karibu wote tulizaliwa nje. Mimi ni mtoto wa wakimbizi wa mwaka 1959, nilizaliwa na kusoma Karagwe, mkoani Kagera, na Kiswahili hiki ndicho nilichofundishiwa kuhesabu. Wawili kati ya akina mama hao walirudi mwaka 2013, wakati Watanzania walipowaambia watu wetu wafungashe, na mmoja alikulia Masisi. Tulichanga kama watu wanavyochanga katika kibati, tukanunua Prado moja ya mwaka 2004.

Gari hilo lina kazi mbili. Siku za kazi linapanda Bugeshi na Busasamana kuchukua vitunguu, karoti na viazi, likashusha mjini karibu na mpaka mdogo, ule wa Petite Barrière, ambako akina mama hugawana mzigo na kuuvusha. Mpaka ukifungwa, na tumeuona ukifungwa kwa Ebola mwaka 2019, kwa korona mwaka 2020 na kwa vita Januari 2025, gari hugeuza njia likapeleka mzigo Mahoko au Musanze. Jumamosi tunalikodisha kwa maharusi. Na usiku wowote, mgonjwa wa jirani akizidiwa, hakuna anayeuliza leo ni siku gani. Mei 2023, mto Sebeya ulipofurika usiku na kubomoa nyumba za watu Nyundo na Rugerero, gari hili lilibeba magodoro, watoto na vikongwe hadi kulipokucha.

Sasa jiwe moja la huko juu limepasua ringi ya mbele kushoto. Si tairi, ni ringi yenyewe. Ilikuwa ya aloi, inchi 17, na ufa ulianzia ukingoni ukaingia ndani kiasi cha urefu wa kidole. Upepo uliisha kabla dereva hajasimama vizuri. Tulipozizungusha zile tatu zilizobaki, mbili zilionekana zimepinda. Matairi nayo yalikuwa yamekaribia kuwa vipara. Kwa hiyo ikabidi tununue seti nzima, na hapo ndipo maneno yalipoanza.

Mjumbe wetu wa Ubelgiji alitaka aloi za inchi 18, zile zinazong'aa. Hoja yake isidharauliwe. Harusi hulipa taslimu, na mwenye harusi huchagua gari kwa macho. "Mwalimu, gari ni sura," aliniambia. Mama mmoja, mkubwa wetu kwa umri, akamjibu taratibu: "Baba, bibi harusi haangalii ringi. Anaangalia kama atafika." Watu walicheka sana, lakini kicheko si hoja, na fedha zilikuwa za wote. Nikaomba chaki.

Tuanze na mawe, maana ndiyo yenye shauri hili. Upande wa kaskazini wa Rubavu, sawa na Goma yenyewe, umekaa juu ya mawe ya volkano. Nyiragongo ulipolipuka tarehe 17 Januari 2002, uji wa moto ulipita katikati ya Goma, ukafunika sehemu ya njia ya ndege ukafika ziwani. Ukalipuka tena tarehe 22 Mei 2021, na siku zilizofuata matetemeko yakapasua nyumba hapa kwetu. Uji ule ukipoa huwa jiwe jeusi lenye vitundu kama mkate, na kingo zake ni kali kama chupa iliyovunjika. Changarawe ya Karagwe niliyoizoea utotoni hula tairi polepole, kama panya anavyokula gunia. Jiwe la volkano hukata mara moja.

Na hukata wapi? Ubavuni. Uso wa tairi, penye kashata, una mpira mnene na chini yake kuna nyuzi za chuma. Ubavu ni mwembamba. Msumari ukiingia usoni, kijana wa kuziba pancha anaziba, unaendelea na safari. Ubavu ukichanika hakuna kiraka cha kuaminika, na anayekuambia kipo hatapanda naye gari hilo. Kwa hiyo mtu wa Bugeshi anapochagua gurudumu anatafuta mambo mawili: mpira mwingi kati ya jiwe na ringi, na ringi isiyovunjika pale mpira unaposhindwa.

Hesabu yake ni ya darasa la saba. Tairi la gari letu limeandikwa 265/65R17. Namba ya kwanza ni upana kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo, yaani asilimia 65 ya 265, ambayo ni milimita 172. Ya mwisho ni kipenyo cha ringi kwa inchi, na inchi 17 ni milimita 432. Jumlisha mbavu mbili na ringi, unapata gurudumu lenye kimo cha milimita 776. Sasa chukua 265/70R16. Ubavu unakuwa milimita 185 na nusu, ringi milimita 406, jumla milimita 777. Tofauti ni milimita moja tu! Kipimo cha mwendo hakitadanganya na gia hazitajua kilichobadilika, lakini ubavu umeongezeka milimita 13. Ukienda kwa inchi 18 kama alivyotaka ndugu yetu, tairi linalolingana ni 265/60R18, na ubavu wake ni milimita 159. Kati ya pendekezo lake na langu kuna milimita 26 na nusu za mpira. Kwenye lami ya Kigali hizo si kitu. Huku kwetu ndizo zinazoamua kama vitunguu vitafika au vitalala njiani.

Kuhusu chuma na aloi, sitaki niwe kama mhubiri. Aloi ni nzuri. Mara nyingi ni nyepesi, ni ya mviringo sahihi, haishiki kutu upesi, na kama ningekuwa na gari la kwenda Kigali na kurudi ningezichagua mwenyewe. Shida yake ni jinsi inavyokufa. Chuma kikigongwa hupinda. Aloi ikigongwa sana hupasuka. Ringi ya chuma iliyopinda ukingo fundi wa Busasamana anaiweka juu ya gogo, anaigonga kwa nyundo, anajaza upepo na unafika nyumbani. Ufa wa aloi unahitaji mtu mwenye mashine na ujuzi wa kuichomelea, na hata akiwepo mimi nisingependa watoto wapande gurudumu hilo. Nakumbuka Land Rover ya misheni kule Karagwe: ringi zake zilikuwa zimegongwa hadi zikawa na makunyanzi kama uso wa mzee, na bado zilikuwa zikitembea. Hata hivyo chuma nacho kina mwisho wake. Ukiona ufa karibu na matundu ya boliti, usigonge wala usichomelee, tupa. Na kutu ipigwe brashi na rangi kila inapoonekana, kwa sababu tope la huku hukaa ndani ya ringi kama lina kiwanja chake.

Asiyeniamini aende Goma akatazame Land Cruiser za mashirika ya misaada. Nyingi zina ringi za chuma, inchi 16, tena nyembamba na zisizo na urembo wowote. Mashirika hayo yana fedha kuliko harusi zote za Gisenyi, na yangeweza kununua ringi za kung'aa kama yangeona zinafaa.

Kura zilipopigwa, sita walitaka chuma na wawili aloi. Wa pili alikuwa mwalimu mwenzangu, ambaye mpaka leo anasema alimpigia mgeni kura kwa adabu.

Lakini kukubaliana juu ya chuma ni nusu tu ya safari, na ni katika nusu ya pili wanunuzi wengi huliwa. Ringi haichaguliwi kwa inchi peke yake. Land Cruiser za kazi nilizozitaja, zile za mfululizo wa 70, kuanzia mwaka 1999 zina matundu 5 ya boliti, wakati Prado yetu ina 6. Muuzaji mmoja alitaka kutuuzia ringi za Land Cruiser akidai "Toyota ni Toyota". Kuna pia ringi za Pajero za miaka ya 2000: matundu yake ni 6, umbali wake ni uleule wa milimita 139.7, zinaonekana ndugu kabisa. Ukizileta kwenye Prado, boliti zinaelekea lakini habu haipiti katikati, kwa sababu tundu la kati la Pajero hizo ni kama milimita 67 na la Prado ni 106. Halafu kuna kina cha ringi, yaani sehemu ya kufungia iko ndani kiasi gani. Ringi inayosukuma gurudumu nje kupita kiasi hurusha tope hadi kwenye vioo na kuzitesa beringi. Ushauri wangu ni mfupi: nenda na gari lenyewe, funga ringi moja mbele bila tairi, izungushe kwa mkono, uone kama haigusi breki, na hapo ndipo utoe fedha.

Wenye magari makubwa ya zamani watakutana pia na ringi za vipande, zenye pete ya chuma inayofungia tairi la tyubu. Hizo ni imara na hufunguliwa porini kwa vyuma vya mkono tu, lakini pete ile ikikaa vibaya huruka wakati wa kujaza upepo kwa nguvu ya kuua mtu. Toa upepo wote kabla ya kulegeza chochote, na wakati wa kujaza asisimame mtu mbele yake. Nimeona vijana wa pembeni mwa barabara wakiichuchumalia kama wanaota moto. Waambieni.

Sasa matairi. Mjini utaambiwa ununue yale ya matope, yenye meno makubwa na herufi MT, kwa sababu yanatisha. Mimi nayakataa kwa gari la kazi mbili kama letu. Barabara ya lami kutoka hapa hadi Musanze ina kona nyingi na mvua nyingi, na tairi la matope halishiki vizuri lami iliyolowa. Tena linavuma kama nyuki, na bibi harusi hapo atalalamika kweli. Tulichukua AT, la njia zote. Jambo la maana zaidi kuliko meno ni herufi LT mbele ya namba, maana yake ni tairi la gari la mizigo midogo, lenye mwili na ubavu mzito zaidi. Linadai upepo mwingi kidogo kwa uzito uleule, kwa hiyo usijaze kwa mazoea ya tairi la zamani.

Ubavuni kuna pia namba ya uzito. 112, kwa mfano, ni kilo 1,120 kwa tairi moja. Mara nne ni kilo 4,480, na Prado iliyopakiwa kama kiwanda kinavyoruhusu haifiki tani 3. Mtu atasema basi tuna nafasi ya kuongeza magunia. Hapana! Namba hiyo ni ya tairi lenye upepo kamili na lisilo na jeraha. Springi, breki na ekseli havikusoma namba hiyo.

Nije kwenye mitumba, maana hapo ndipo wasomaji wengi wa mpakani mlipo, kama wanunuzi na kama wauzaji. Silaani mitumba, sote tumevaa mitumba. Lakini shati kuukuu likichanika unaaibika tu. Kila tairi lina tarehe yake ya kuzaliwa ubavuni, tarakimu nne mwishoni mwa maandishi yanayoanza na DOT: 1419 ni wiki ya 14 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi wanasema tairi lisipite miaka 10 hata kama meno yake yako kamili, kwa sababu mpira hukauka na kupasuka kwa ndani. Tulikuta duka lenye matairi mazuri kwa macho, meusi yanayometa, meno marefu, na tarehe ilionyesha yana miaka 12. Duka jingine sehemu ya tarehe ilikuwa imesagwa. Mwenye duka akasema ni mikwaruzo ya kontena. Mikwaruzo ya kontena iliyojua mahali pa kukwaruza!

Kuna na hila nyingine, ya kuchonga mifereji upya kwa kisu cha moto katika tairi lililoisha. Ingiza kidole katikati ya mfereji, utafute vile vinundu vya mpira ambavyo kiwanda huviweka kwenye kimo cha milimita 1.6. Uso ukilingana navyo, tairi limeisha. Usipovikuta kabisa, jiulize nani aliviondoa. Matairi ya namna hiyo yana kazi zake za heshima: yanatengenezwa katambuga, na Goma wanayakata vipande kuvalisha magurudumu ya chukudu. Chukudu haibebi abiria kwenye kona za Musanze.

Jambo jingine ambalo akina mama walilipinga mwanzoni, na kwa haki kwa sababu ni ghali, ni kununua matano kwa mpigo. Walisema tununue mawili leo, mawili mwezi ujao. Prado nyingi za kizazi hicho huendesha magurudumu yote manne wakati wote, na katikati kuna difu inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma. Ukiweka mbele matairi mapya na nyuma yaliyolika, kimo kinatofautiana, na difu hiyo inafanya kazi kutwa hata barabara ikiwa imenyooka. Tutaokoa fedha ya matairi mawili, tukalipe difu. La tano ni spea, na spea ya saizi tofauti nayo ni tatizo lilelile lililofichwa nyuma ya gari. Tulikopa kwenye mfuko wa chama, na tunarudisha kwa fedha za Jumamosi.

Je, ununue Gisenyi au Goma? Mpaka ukiwa wazi bei hupishana, na wote tunajua mchezo wa kuvuka na vipara na kurudi na mapya yakiwa yamefungwa garini. Sitauhubiri gazetini, na wa forodha wanasoma pia. Nitasema tu kwamba tairi lililopita kwa njia hiyo halina karatasi, na likipasuka wiki ya pili hutakuwa na mtu wa kumrudia.

Limebaki la nati, ambalo mafundi wengi hawalisemi. Nati za aloi za Toyota zina shingo ndefu na washa bapa. Ringi ya chuma inataka nati zenye ncha ya koni, zinazoingia kwenye tundu na kulikamata. Mtu akibadili ringi akabakiza nati za zamani, zitaonekana zimekaza, spana itagoma, na baada ya siku chache gurudumu litaanza kucheza. Nunueni nati pamoja na ringi, zikazwe kwa kupishana kama nyota, halafu zikazwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Dereva wetu ameandikiwa hilo kwenye karatasi na kuibandika juu ya kioo.

Na kwa viongozi wa vyama vya usafiri na vya biashara hapa Rubavu nina ombi moja. Vyama vyetu vinadai risiti ya kila kitu, hata ya kalamu. Basi risiti ya matairi iandikwe saizi, namba ya uzito na zile tarakimu nne za tarehe, moja kwa kila tairi, na mweka hazina akatae kulipa kama hazipo. Sisi tulimwomba muuzaji aziandike. Alinung'unika, akachukua tochi, akapiga magoti, akaziandika zote tano.